Daftari la Fundi Mwachiro

Alilileta Jumanne, linanuka chuma na mafuta ya mahamri,
kurasa tisini na sita, mchoro kila ukurasa:
jua ni bamba, nyota ipitayo ni grinda,
na sayari ni cheche zilizoruka
kama zirukavyo karakanani kwake Changamwe.

Mimi hufundisha fizikia Tudor. Sikucheka.
Nilikwenda kuziona hizo cheche.
Zilipinda, zikapoa, zikalala sakafuni.
"Fundi, zako mbona zimerudi chini?
Na jua limejiwekea karibu uzito wote,
mzunguko likawaachia watoto.
Nani aliyegawa urithi hivyo?"

Alizima grinda. Akavua miwani.
"Na nyinyi je, wa vumbi kushikana na vumbi?"

Nikamweleza: vumbi hugandana, likawa punje, likawa changarawe.
"Halafu?"
Halafu jiwe likifika ukubwa wa tofali la matumbawe,
kwa hesabu zetu, likigongwa hupasuka;
lisipopasuka, huvutwa likamezwa na jua.
"Kwa hiyo hujui."
Sijui. Lakini pale nisipojua
nimepatia alama ya penseli.

Jumanne ya pili karudi.
Ukurasa wa nne kauchana mwenyewe,
ukingo umebaki na meno.
"Huu ulinidanganya. Cheche hurudi.
Sasa huu wa tano, mwalimu,
usinionee haya."

Nikachonga penseli.