Bakuli Chini ya Gurudumu

Maji tu, alisema Amaro,
nasi tukamwamini, kwa sababu mikono yake
haikuwahi kudanganya mbele ya udongo.

Lakini maji yangu mimi yalikuwa mwizi.
Mzunguko wa kwanza, kiganja chateleza;
wa tatu kimekauka, udongo umekishika
kama mtoto anayeshika pindo la mama mlangoni.
Naongeza maji. Ukuta walewa,
wakaa chini taratibu
kama mtu aliyeletewa habari mbaya.

Basi nikaanza kutafuta.
Siki, matone mawili katika kikombe:
karakana nzima ikanuka achari,
na kila mchubuko wa kidole ukajitaja kwa jina.
Sabuni ya vyombo: mapovu, kisha matundu
ya ncha ya sindano, yaliyonivizia tanurini.
Mafuta ya zeituni, usijaribu.
Vikombe kumi na viwili vilisimama vizuri mno,
ila vishikio vikakataa kunata.
Nilivikuta asubuhi vimelala mezani
kama masikio.
Glisirini niliinunua duka la dawa la mjini.
Muuzaji akauliza kama ni kikohozi. Nikasema ndiyo.

Ikawa Novemba. Galisia mvua hainyeshi, huishi.
Nilikuwa natafuta waya wa kukatia
nyuma ya kabati la marehemu Dosinda, mkewe,
nikaona sufuria, bati tupu, mpini umefungwa kitambaa,
na ndani yake utando mkavu wa rangi ya chai.
Nikaupiga ukucha, ukalia kama karatasi.
Nikaumwagia maji ya moto, sijui kwa nini.

Baada ya saa moja ulikuwa ute,
ute mtulivu, wenye kuvutika kama mlenda,
na chumba kikanuka mwambao
ulio kilomita kumi na mbili kutoka hapa,
ambako Amaro hajaenda tangu jeshini.

Mwani. Ule mwekundu wa kwenye miamba:
anika, chemsha, chuja kwa soksi.

Nikachovya mkono. Nikakaa.
Udongo ukapanda.
Sijui nisemeje: haukuvutwa, ulipanda,
na kati ya kiganja na ukuta
palikuwa na kitu chembamba kuliko neno.

Nilimpelekea Amaro bakuli.
Akatia kidole, akakisugua kwa gumba
muda mrefu, uso umegeukia dirisha.
Haya yalikuwapo, akasema.
Kila asubuhi, chini ya gurudumu.
Mimi nilidhani ni maji.

Miaka thelathini na minane alidhani ni maji.

Usiku ule nilishusha vikombe kwenye rafu,
nikavipima kwa mizani ya jibini.
Vya uhai wa Dosinda: gramu mia mbili na kumi,
mia mbili na tano, kimoja mia na tisini.
Vya baada yake: mia tatu.
Mia tatu na ishirini.
Kijiji kilisema ni uzee.
Amaro naye alisema ni uzee,
akauza gurudumu la pili,
akanifundisha mimi kwa kinywa, mikono mapajani.

Mfinyanzi hulia gaeni, husema watu.
Hawasemi nani alimchemshia.

Sasa kila Ijumaa maji yakitoka
nashuka miambani na buti za Dosinda,
zinanizidi namba moja, nimezijaza magazeti.
Sina hakika nachuma ule wenyewe.
Wiki iliyopita ute ulioza, tukafungua madirisha yote.

Jana alikaa kwenye gurudumu.
Mkono wa kushoto bado mzito tangu kiharusi.
Kikombe kikatoka kimeinama upande,
mdomo wake mwembamba kama ganda la yai.
Hakukikata.
Lete maji, akasema.
Nikamwambia, si maji.
Najua, akasema.
Lete maji.