Mikono Isiyovuta

Shamba tumemwachia kaka yangu Ketill, kondoo na yote,
kwa kuwa njia ya mlimani hufungwa na theluji bila hodi,
tukapanga vyumba viwili Akureyri, mkabala na duka la rangi.
Siku kumi na nne za kungoja.
Steinvör hulalia ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti.
Mimi napiga deki jikoni, asubuhi na tena mchana.

Jumanne mkunga aliniuliza,
"Umewahi kuona kiumbe kikizaliwa?"
Nikacheka. Kila Mei nalala zizini na buti miguuni.
Nimewavuta wanakondoo mia mbili, pengine zaidi,
nimezamisha mkono hadi kiwiko, nikageuza kichwa kilichopinda,
nimewapulizia puani waliotoka kimya.
Akakoroga chai yake, ingawa haikuwa na sukari.
"Basi," akasema, "una mengi ya kusahau."

Akanifunza upya, mtu mzima, magoti juu ya zulia:
ngumi hapa, kiunoni, penye mfupa bapa,
kaza anapokaza, legeza anapolegeza.
Usimwambie vumilia. Anavumilia tayari.
Usimhesabie dakika kwa sauti.
Akikutukana, maji. Akinyamaza, maji.
Akisema usimguse, usimguse,
wala usiende mbali.

Nimeyaandika nyuma ya risiti ya dizeli.
Mara tatu nimeendesha hadi hospitali peke yangu, usiku, bila mgonjwa:
dakika sita. Saba, taa zikikaidi.
Taa nyekundu za mji huu zina umbo la moyo,
na moyo, kama ujuavyo, husimamisha.

Mfuko uko mlangoni. Soksi, ndizi, mafuta ya midomo,
sweta isiyozidi kiganja, aliyoifuma mama mkwe
kwa sufu ya Móra,
kondoo mkorofi kuliko wote, mwenye sufu laini kuliko zote.

Jana tulifanya mazoezi.
Alifumbata kipande cha barafu, dakika nzima,
mimi nikipumua naye, taratibu, puani, mdomoni.
Kufika sekunde ya arobaini maji yalimchirizika mkononi
nami nikanyoosha kitambaa.
Akanitazama tu.
Nikakirudisha, nikakikalia.

Kujifungua, ndivyo watu wasemavyo.
Nimelirudia neno hilo huku nikikwangua theluji kiooni pa gari.
Kujifungua: fundo ni lake, vidole ni vyake.
Nami niliyezoea kamba,
sina ncha ya kushika.

Saa tisa usiku anaketi kitandani.
"Hallvarður," anasema.
Jina zima. Siku zote huniita Halli.
Nawasha taa. Nanawa mikono hadi viwikoni,
kwa mazoea ya zizini,
naifuta mpaka inakauka,
kisha sijui niiweke wapi.

Anaichukua yeye.