Mikono Mitatu ya Rangi

Kibao cha tawi letu hapa Limbani
kimenenepa.
Ukikigonga kwa kidole hakilii mti tena,
kinalia rangi juu ya rangi,
ingawa ubao ni ule ule wa mfenesi.
Mimi, Makame Faki, niliandika jina la kwanza,
na la pili, na lile lililodumu miezi saba,
na leo, msasa mkononi, nalikwangua la nne.

Ndipo akasimama yule mnunuzi wa mwani,
Bwana Pyo, Mkorea, anayepanga kwa Bi Mize wa Jadida,
anayejua Kiswahili cha mizani na matusi mawili ya Kipemba.
Akanitazama, kimya,
mpaka ikabaki herufi moja tu, M,
kama abiria aliyekataa kushuka.
Akacheka. Kisha macho yakamlengalenga.
"Baba yangu," akasema, "hii ndiyo kazi yake."

Kwao Mokpo, bandari, kusini kabisa.
Watu wake wakihesabiwa wakorofi kwa ajili ya kura zao,
na barabara zikichelewa kuwafikia.
Nikaweka msasa chini.
Nikamwambia endelea, barabara hiyo naijua.

Chama chao walikianzisha waliosema
rais asijigeuze mfalme.
Baba akaandika jina.
Wanafunzi wakajaa njiani, rais akaondoka, chama kikashika nchi,
na mwaka haukutimia, jeshi likavuka daraja usiku.
Baba akaficha kibao darini.
Kikarudi na jina jingine. Kikapasuka, kikaungwa,
kikapigwa marufuku, kikarudi tena
kama mtoto aliyefukuzwa skuli
akaandikishwa upya kwa jina la marehemu nduguye.

Nikauliza, majina mangapi?
Akahesabu vidole vyake vyote kumi,
kisha akaazima vyangu.

Mwaka waliouawa watu mji wa jirani
baba hakuandika kitu.
Alinunua rangi nyeupe akapaka ukuta wa jiko,
ulipokauka akaupaka tena,
na mama hakumuuliza.

Halafu ukaja mwaka wa kura, kura yenyewe hasa,
na wakubwa wawili wa upinzani kila mmoja akasema ni mimi.
Mwanajeshi akapita katikati yao
kama mwizi apitaye mlango
ulioachwa wazi na wenye nyumba wagombanao.
Ami yake akamfuata huyu, baba akamfuata yule,
mpaka wanazikana hawajapeana mkono.

Hapo sikuhitaji kufafanuliwa.
Mimi na kaka yangu Khatib tulikula hitma ya mama
ukumbi mmoja, masinia mbalimbali, migongo ikitazamana.

"Lakini mlishinda," nikasema. Niliwahi kusikia redioni.
"Tulishinda. Baba alilia, akaandika kibao kipya.
Haikupita miaka mingi, wakabadilisha jina."

Vile vya zamani havikutupwa.
Mama yake alivijengea banda la kuku:
ubavu huu Umoja, ubavu huu Taifa Jipya, paa Demokrasia,
na jogoo asiyejua kusoma
akiwika juu ya yote, saa kumi alfajiri.

Adhuhuri akaja katibu wa tawi na jina jipya kwenye karatasi.
Kijana, suruali ina mkunjo wa pasi.
Akanivuta pembeni.
"Bwana Makame, mkono mmoja wa rangi unatosha.
Tusiharibu pesa, maana huenda..."
Akakohoa, akaangalia simu yake, akaenda kusali.

Bwana Pyo bado amekaa juu ya gunia lake la mwani.
Nikamuuliza, mzee alikuwa akipaka mikono mingapi?
Akanyoosha vidole vitatu.
"Kila mara?"
"Kila mara. Hata lile la siku arubaini."

Sasa mkono wa pili unakauka.
Inzi ametua kwenye herufi ya kwanza, ameacha mguu mmoja humo.
Khatib amepita ng'ambo ya njia,
akapunguza baskeli,
akasoma, midomo ikimcheza.
Hakusalimu.
Lakini amesoma mpaka mwisho.