Pete Bila Posa

Jumatatu homa. Jumanne mzima,
anakula samaki mkavu kwa siagi, anawatania wauguzi.
Jumatano meno yanagongana, kitanda kinatembea sakafuni.
Daktari Hreinn kaandika: mafua.
Februari hii, theluji imefika vitasani,
nani Akureyri hana mafua?

Hakuna aliyemuuliza: mwaka jana ulikuwa wapi?

Mimi ni mtu wa maabara. Miaka ishirini na mitatu
nahesabu chembe za damu za wavuvi,
za wajawazito, za watoto wanaoililia sindano kabla haijawagusa,
na mikojo, mikojo hata siisemi.
Damu ya Sölvi ililetwa na karatasi iliyokunjwa.
Nyuma yake Eydís wa zamu ya usiku kaandika kwa penseli:
"Anasema alifunga mashine za kusindika jodari, Madang,
huko Papua. Mwezi wa tano.
Sijui kama ina maana."

Ina maana, Eydís.

Nikatandaza tone, nikalikausha,
nikamimina rangi ya zambarau iliyokaribia kuisha muda wake,
nikainamia darubini
kama anayechungulia kisima cha jirani.

Kwanza, hakuna kitu. Sahani nyekundu
zimepangwa, karamu haipo.
Kisha moja, imevimba kuliko wenzake,
vidoadoa vya waridi vimeitapakaa,
na ndani yake pete.
Pete nyembamba, samawati, kito chekundu upande mmoja.
Nani kaivisha damu hii pete
bila posa, bila mshenga, bila hata hodi?

Niliwahi kuiona kitabuni tu, enzi za chuo.
Nilisimama. Nikaketi.
Nikanawa mikono bila sababu.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Huyu kalala ndani ya ini miezi tisa,
hakushika jembe wala ufagio,
akisubiri nini, sijui; labda giza hili letu la saa tisa alasiri.
Na Sölvi anaapa alimeza vidonge vyake kila asubuhi, na kahawa.
Namwamini. Vidonge vilifagia sebule,
chumba cha ndani havikukifungua.

Dawa ya damu tulikuwa nayo.
Dawa ya ini ilikawia siku nne,
ndege imezuiwa na upepo,
na Hreinn akipita ukumbini bila kunitazama usoni.

Baadaye Sölvi alishuka maabara, soksi za sufu miguuni,
chati ya joto mkononi:
mlima, bonde, mlima, bonde.
Alitaka kumwona.
Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama mimi.

"Kiwandani," akasema, jicho bado kwenye darubini,
"palikuwa na Delma, msafishaji wa mikanda.
Leo yupo, kesho hayupo, keshokutwa yupo.
Nilimwekea alama ubaoni, kwa chaki, kila siku aliyokosa.
Mwisho wa mwezi nikampa msimamizi hesabu.
Nilimwambia: huyu mvivu ana ratiba."

Sikuuliza walimkata kiasi gani.
Nje gari la kusukuma theluji lilipita, likarudi.
Akailaza chati mezani pangu
akaanza kugusa vilele kwa kidole,
kimoja,
kingine,
midomo ikihesabu.