Usikaze Sana

Siku ya tatu baada ya kumzika Reino Lahtinen,
viatu vya wageni bado vimejaa mlangoni
vikichuruzika theluji juu ya magazeti,
tangi la maji moto likagoma.

Shangazi Helvi akatoka bafuni na povu kichwani.
"Mwiteni Reino," akasema,
kisha akajiziba mdomo kwa taulo.

Hatukucheka. Halafu tukacheka.
Miaka arobaini Wafini wote wa Thunder Bay walisema hivyo.
Bomba limepasuka? Mwiteni Reino.
Paka kakwama ndani ya ukuta? Reino.
Mchungaji kaufungia ufunguo wa kanisa ndani ya kanisa,
nyuzi thelathini chini ya sifuri, ziwa limeganda hadi upeo wa macho,
mwiteni Reino,
naye huja, penseli sikioni,
haamkii mtu, anaweka shavu ukutani
na kuusikiliza kwanza.

Alistaafu kiwanda cha karatasi akiwa na vidole tisa.
Wakampa saa ya ukutani. Akaifungua usiku uleule
aone inakwendaje,
na haikwenda tena.
Ndicho kitu pekee kilichomshinda.
Mama aliitundika jikoni makusudi:
kwetu ni saa nne na robo mpaka leo.

Nikashuka chini mimi, mwanawe wa pekee,
mwalimu wa historia, vidole laini, vyote kumi,
niliyemshikia tochi utoto mzima
nikimulika pasipotakiwa.
"Mulika ninapotazama mimi, Eino, si unapotazama wewe."
Basi nikamulika pale nilipodhani angetazama.

Nyuma ya tangi, kwenye bati, kwa penseli:
*Nimebadilisha kipasha joto. Februari 1979.
Aune ana mimba, hataki kunusa kahawa.*

Nilizaliwa Agosti ya mwaka ule.

Nikamulika bomba la pili. *Kiungo kipya. Mtoto ana jino.*
Nikamulika boriti:
*Yaliganda tena. Eino kauliza theluji hulala wapi kiangazi.
Sikuwa na jibu.*
Na chini kabisa, karibu na sakafu,
herufi zimeanza kutetemeka:
*Wiki ya sita bila Aune. Nimepika supu ya samaki.
Chumvi nyingi.*

Huyu ambaye mezani alikuwa na maneno matatu,
lete, asante, laleni,
kumbe alikuwa akizungumza huku chini
na yeyote atakayekuja kufungua baada yake.
Na mimi niliyepanda ndege hadi Helsinki
kusoma nyaraka za marehemu wa watu,
nililala miaka yote hiyo juu ya hizi.

Valvu mpya alishainunua.
Niliikuta katika mkebe wa kahawa, imeviringishwa gazeti,
na juu ya gazeti: *Ya tangi. Usikaze sana.*

Nikakaza sana.
Nilijua, nikasikia chuma kikilalamika,
na bado nikaongeza robo mzunguko,
kana kwamba kuna kitu ningeweza kukizuia kisitoke.

Sasa linadondoka. Tone. Kimya. Tone.
Binti yangu Saima kashika tochi,
anamulika dari, buibui, uso wangu.
"Baba, mbona wewe huandiki?"
Nikaichukua penseli ile, fupi, ina alama za meno.
Nikaandika tarehe.
Baada ya tarehe sikupata neno,
nikaenda kutafuta ndoo.

Juu, maji yamepata moto. Helvi kamaliza kuoga,
watu wanagombania zamu kama kawaida ya ndugu.
Kesho nitaita fundi, mtu wa kulipwa, asiyetujua.
Nitasimama karibu naye muda wote wa kazi,
nikimulika,
na akitoa kitambaa kupangusa vumbi nitamwambia:
hapo, bwana, tafadhali, hapo usifute.