Jedwali Limehama

Mvua ya Tukuyu haina adabu,
inaingia hata kwenye faili.
Ndivyo alivyosema Anyelwisye, flashi mkononi,
siku mashine mpya ya chama ilipofungua hesabu za chai
ikatoa vimraba, vimraba,
kama mahindi yaliyokataa kuwa bisi.

Jedwali lilihama. Kilo za Mwakalobo
ziliangukia kwa mjane wa Kiwira,
na marehemu Gwamaka, tuliyemzika kwa ng'ombe watatu,
akadaiwa mbolea, mifuko minne.

Kijana aliyetoka Mbeya akasema:
hili toleo la zamani, mzee.
Alitamka "zamani" kama anayekung'uta tope kiatuni.

Anyelwisye hakujibu.
Aliingia stoo, akafunua kitambaa cha kufuma,
akaiwasha ile kuukuu.
Ikakohoa. Ikanguruma kama mashine ya kusaga.
Dakika kumi na moja.

Kisha majina yakaja,
kila mtu mbele ya kilo zake,
na Gwamaka naye,
hadaiwi kitu.

Akachapa kurasa zote.
Karatasi, alisema, haiulizi toleo.
Halafu akatazama nje,
akaenda kutafuta mfuko mtupu wa mbolea
wa kuzifunika.