Kebo ya Nyaya Mbili

Nilimwambia Msuya wa Mtaa wa Aggrey,
"Nataka kebo inayopitisha maneno."
Akachomoa moja kwenye fungu lililoning'inia mlangoni.
"Dada, kebo ni kebo. Elfu tatu."
Nikatoka Kariakoo na kebo-ni-kebo mkobani.

Keko, mezani, chini ya taa ya kuchaji:
bodi ya buluu, upana wa kiberiti,
kihisi cha maji chenye pangaboi dogo tumboni,
na simu ya baba, ile aliyoiacha,
nyufa zimeanzia kwenye kona
zikatambaa mpaka kwenye saa.

Nikachomeka. Taa ya bodi ikawaka.
Simu kimya.
Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka.
Taa ikawaka. Simu kimya.
Siku tatu hivyo.

Usiku wa nne nikachukua wembe
nikaipasua kebo ya Msuya kama bamia.
Ndani nyaya mbili, mmoja mwekundu, mmoja mweusi.
Mweupe haupo. Wa kijani haupo.
Umeme unapita, habari hazipiti.
Inalisha. Haisemi.

Nikakaa nayo mkononi
muda mrefu kuliko ilivyostahili elfu tatu.
Maana kila tarehe tano simu ya mama hulia:
umepokea, kutoka kwa, salio lako,
na jina la baba kwa herufi kubwa.
Yuko Tunduma, mwaka wa sita huu.
Na hatujalala njaa, nasema kweli,
hata siku moja.

Kebo ya pili nilipewa na Mwajabu,
fundi simu wa kibanda cha njia panda,
mwenye kucha ndefu ya kidole gumba
anayofungulia kila kitu.
"Simu imezoea ugeni," akasema.
"Ikichomekwa inasubiri kuhudumiwa.
Kwenye hii, kuna kimguu kimefungwa ardhini.
Kikigusa, simu inajua: leo mwenyeji ni mimi.
Itatoa umeme. Itauliza maswali."
"Bodi yenyewe haiwezi kuanza?"
"Haiwezi. Ina majibu tele, lakini inangoja kuulizwa."

Nikafunga kihisi kwenye bomba la uani
kwa utepe mweusi na kipande cha tyubu ya baiskeli.
Kwenye kioo, chini ya nyufa, ikaja namba ya kwanza.
Sifuri.
Kisha sifuri. Sifuri.
Nilitaka kupiga vigelegele.
Mama akapita na ndoo zake, akainama, akasoma.
"Hicho ndicho ulichokuwa unakeshea?
Sifuri tulikuwa nazo tangu Jumatatu."

Saa tisa na dakika kumi na mbili za usiku
pangaboi likazunguka.
Hewa kwanza, namba zikaruka ovyo
kama mahindi kwenye sufuria,
kisha zikatulia, zikaanza kupanda kwa adabu.
Simu ikalia. Chausiku wa chumba cha pili
akatoka na kanga moja na madumu manne,
akiuliza nani kafiwa.
Nikakimbia uani.
Mama alikuwa ameshakaa pale, ndoo ya kwanza nusu.
"Nimelisikia," akasema. "Lilikohoa."

Maji yalikatika kabla ya adhana.
Nikashika simu yangu, si ile ya nyufa,
nikatafuta namba ya Tunduma, nikaandika:
*Yametoka saa tisa na dakika kumi na mbili.
Lita mia mbili na arobaini.*
Sikuandika shikamoo. Sikuandika lini.
Vidole vilinikataa, nikatuma hivyohivyo,
kama bodi.

Kutwa nzima kazini, katikati ya ankara za watu,
nilichungulia kioo. Sifuri.
Mchana, sifuri.
Magharibi, naosha vyombo, mikono ina povu,
ikatetemeka juu ya kabati:

*Ndoo ngapi hizo?*

Nikajifuta mikono kwenye gauni.
Nikagawanya kwa ishirini, nikarudia kugawanya,
ingawa hesabu ilikuwa nyepesi.

Kumi na mbili, nikajibu.
Pipa halikujaa.